Mvua Aliyoifuta Torgeir

Nilimwaga masalia ya kahawa kwenye kopo bustanini kwa rafiki yangu Torgeir, kumbe ndilo kipimo chake cha mvua.

"Ee bwana, leo Norwe imenyesha kahawa!" akanicheka. Kisha akanisimulia.

Kazi yake ni kuchambua takwimu za mvua za milimani. Vuli moja, mama mmoja aitwaye Borghild, aliyepima mvua huko juu, alituma namba kubwa mno. Torgeir akadhani mama huyo kakosea. Akaifuta, akaweka wastani wa vituo jirani, na tahadhari haikutolewa. Kesho yake mlima uliporomoka, ukamfukia Borghild ndani ya nyumba yake.

"Nilimfuta yeye," Torgeir husema.

Aprili iliyofuata alipanda kukichukua kipimo cha Borghild, kilichobaki kimesimama peke yake. Mbingu safi, kimya, giza likiingia. Akasikia tone likigonga ndani ya kopo. Likaja jingine. Halafu yakamiminika kwa kishindo, kama mvua ya siku ile.

"Labda theluji ilikuwa inayeyuka," nilimfariji.

"Niliingiza mkono, wewe. Matone yalinipiga kiganjani, na mkono ukatoka mkavu."