Hapana Isiyo na Mwenyewe

Kitu ambacho sijaweza kukifumbua hadi leo, ingawa nimewauliza wote watatu, baba, mama na binti yao, kwa nyakati tofauti, ni hapana ngapi zilizosemwa katika nyumba ile zilikuwa za wenye nyumba. Ile ya mbwa tunaijua. Zilizoitangulia, hakuna anayeweza kuziapia.

Nyumba yenyewe haikuwa na ajabu. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa karakana: baba alikuwa fundi makochi, na mama ndiye aliyeshona vitambaa vya kuyavalisha. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili, jiko, na stoo isiyo na dirisha walimorundika sponji, pamba kuukuu na manyoya yaliyotolewa matumboni mwa makochi ya watu. Baba hakutupa kitu. "Kochi hufa," alizoea kusema, "lakini tumbo lake halifi." Kwa hiyo matumbo ya makochi ya nyumba nyingi, nyumba za furaha na nyumba za misiba, yalilala pamoja mle gizani yakingoja kutiwa katika kochi jingine, na hakuna aliyewahi kuuliza yalikuja na nini.

Walifanya kazi wamepeana migongo. Mama alielekea cherehani na dirisha. Baba alielekea fremu iliyopinduliwa miguu juu. Mwenye mkasi kwenye kitambaa hageuki, akigeuka anaharibu mali ya mtu, na mwenye kuvuta mkanda wa kochi hauachii. Basi miaka yote walizungumza hivyo hivyo, swali likipita juu ya bega hili, jibu likirudi juu ya bega lile. Wateja waliwacheka. Mimi, jirani yao, niliona ni mapenzi yaliyokomaa, ya watu wasiohitaji kutazamana ili wajue kuwa mwenzao yupo.

Binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na mitano, walimwita Wakili, kwa sababu hakuna kesi aliyowahi kuiacha ilale.

"Baba, shikamoo," alisema jioni moja, akisimama katikati ya migongo miwili.

"Shikamoo ya saa hizi ina kitu mfukoni," mama akasema bila kugeuka.

"Mama jamani! Mtu asimsalimie baba yake?"

"Marahaba," baba akajibu. "Haya, soma mashtaka."

Wakili akayasoma. Mlinzi wa ghala la ng'ambo ya barabara alikuwa na mbwa jike mdogo, wa kahawia, mwenye sikio moja lililokunjika. Mlinzi anahamishwa lindo, na huko aendako mbwa hawatakiwi. Mbwa huyo atakula makombo. Yeye Wakili atamwogesha, atamfagilia, na hata kufua matandiko bila kusukumwa.

"Hilo la kufua liandikwe," baba akasema.

"Atatafuna sponji zote," mama akasema. "Halafu mimi na mbwa tulishaachana tangu aliponing'ata nikiwa darasa la pili."

"Sio huyu, mama. Huyu hata bibi yake alikuwa hajazaliwa."

Baba akacheka, na mama naye mabega yakamtikisika. Kila mtoto anakijua kicheko cha namna ile. Ni nusu ya ndiyo.

"Hapana."

Lilisemwa kavu, bila hasira, kama mtu anayefunga droo. Kicheko kikakatika. Wakili alitazama mgongo mmoja, akatazama wa pili, na hakuna uliogeuka. Mama alifikiri moyoni, leo mzee kawa mkali. Chumba kilinuka pamba iliyolowa, ingawa hakuna kilicholowa humo.

Wakili hakuikubali hukumu. Alimfuata mama jikoni, peke yake.

"Mimi ningejikaza," mama akamwambia, "ila baba yako hataki."

Akamfuata baba alipokuwa akinoa mkasi nyuma ya nyumba.

"Mimi sina neno," baba akasema. "Mama yako ndiye anayekataa."

Nani angeshtuka? Wazazi duniani kote hurushiana mpira hivyo, na mtoto hukimbia katikati mpaka achoke. Wakili mwenyewe alidhani hivyo. Kila alipowakuta pamoja na kuanza upya, hapana ile ilikuja, kavu, mapema zaidi kuliko mara iliyopita, mpaka ikawa inafika kabla hajamaliza swali.

Kwa nini alimtaka sana mbwa, wazazi hawakuambiwa. Aliyeambiwa ni mlinzi.

"Unajua ubaya wa mbwa?" mlinzi alimtania, amemweka mnyama mapajani. "Hana adabu kwa sauti. Mimi naweza kumwigiza bosi wangu mpaka watu wakasimama wima. Huyu hainuki. Anakuja kwanza kuninusa, ndipo anaamua kama mimi ni mimi."

"Ndiyo maana namtaka," Wakili akasema.

"Kwa vipi?" mlinzi akauliza.

"Mama ananiita kutoka stoo. 'Wakili, njoo mwanangu, nishikie hiki.' Nami namwona mama kwa macho yangu, yuko jikoni, anamenya viazi."

Mlinzi aliacha kumpapasa mbwa. Akauliza polepole, "Uliwahi kuitika?"

"Mara moja. Nilikuwa nimeshaingia. Mle ndani mlikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia. Tangu hapo ikiniita, miguu yangu inasikia kabla yangu."

Alasiri ya mwisho ya mlinzi yule kwenye lindo lake, mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Karakana ilijaa giza la mvua. Kesho yake asubuhi mbwa angepelekwa mbali, na Wakili alikuwa amesimama tena katikati ya migongo, safari hii bila utani.

"Sitaki kitu kingine tena maishani. Nawaomba. Yeyote kati yenu, aseme tu."

Mama alikuwa ameacha kushona, kwa kuwa hakuliona tena tundu la sindano. Na kwa sababu mikono yake haikuwa na kitambaa cha kuharibu, alifanya jambo ambalo katika chumba kile halikuwa na kawaida ya kufanyika, akageuka. Akamwona mumewe amepiga magoti mbele ya kochi, nyundo mkononi, midomo imebana misumari midogo kama wafanyavyo mafundi makochi wote, vichwa vya misumari vikichungulia kama meno ya ziada, na papo hapo, akiwa anamtazama, akaisikia sauti ya mumewe, safi, iliyonyooka, isiyokwaruzwa na msumari hata mmoja, ikisema, "Hapana. Nimeshasema," nayo midomo ile haikutikisika, na msumari haukuanguka.

Baba naye aligeuka, kwa uchovu wa mtu aliyesikia neno lile lile mara nyingi. Akatema misumari kiganjani.

"Sasa na wewe, Mama Wakili, huna huruma? Si ukubali tu yaishe?"

"Mimi?" mama akanong'ona. "Ni mimi niliyesema?"

"Nimekusikia sasa hivi."

"Mimi nimekusikia wewe."

Mvua iliendelea. Hakuna aliyethubutu kupaza sauti, na hakuna aliyethubutu kuangalia penye nafasi iliyokuwa kati yao, ile nafasi ya hatua chache ambayo kwa miaka mingi maneno yao yote yalipita, nayo wakaidhani tupu.

"Baba Wakili," mama akasema kwa pumzi tu. "Mdogo wangu alipougua. Nilikuomba niende nikamuuguze. Ukasema hapana."

Uso wa baba ulikwisha damu. "Hukuniomba. Mimi ndiye niliyekwambia nenda, nauli ipo. Ukasema hapana, kazi nyingi."

"Amekufa sijamwona."

"Najua. Na mimi nilikuona mtu wa ajabu, sikukwambia."

"Nilikuchukia mwaka mzima nikikupikia."

Hapo ndipo, kutoka ndani ya stoo, sauti ya mama ilipoita kwa upole kuliko mama mwenyewe alivyowahi kuita: "Wakili, njoo mwanangu, waache hao wagombane." Na mama halisi, amesimama mdomo wazi, akamwona binti yake anageuka, si kwa haraka, bali kama mtu anayesogezwa na maji, mguu mmoja, kisha mwingine, macho yakiwalilia wazazi wake huku visigino vikielekea kwenye mlango ambao nyuma yake kitu kilikuwa kikijigeuza ndani ya pamba, kizito, taratibu, kikijitengenezea nafasi ya watu wawili. Wakamrukia wote wawili, wakamshika.

"Nalitoa hilo lililomo," baba akahema. "Kila kilichomo nakitupa mvuani. Sponji, manyoya, vyote."

"Utajuaje kwamba limetoka?" mama akasema. "Litakwambia wewe, kwa sauti yangu, kwamba limetoka. Na wewe utaamini."



"Mbwa," Wakili akasema, meno yakigongana. "Yeye hafuati sauti. Ananusa."

Wakatazamana. Uamuzi ulifanyika hivyo, kwa macho, bila mtu kusema ndiyo, maana neno lolote humo ndani lingeweza kuwa la mwingine. Baba alishaanza kuinuka aende ng'ambo kumchukua mbwa, lakini mama akamkalisha kwa kiganja kifuani.

"Linamwita kwa sauti yangu. Nikitoka mimi, sauti yangu yoyote itakayosikika humu ni ya uongo, nanyi mtajua. Wewe una nguvu, mshike. Tazamaneni usoni. Msiniitikie mpaka mnione."

"Mama, wewe huwezi hata kupita karibu—"

"Nyamaza, Wakili. Umeshinda kesi."

Akavuka barabara kichwa wazi. Mlinzi alipomwona mlangoni pa ghala, amelowa, ananyoosha mikono miwili, hakuuliza. Alimpa tu, akasema, "Mshike chini ya kifua, asikuone unaogopa." Mama akasema, "Amekwisha kuniona," na akarudi naye mvuani, manyoya ya mnyama yakimgusa shingoni pale pale ambapo ngozi yake yote ilitaka kumkimbia.

Ndani, baba na binti walikuwa sakafuni wameshikana mashavu, wakitazamana kama watu wanaosomana. Sauti ya mama ilikuwa ikiwazunguka chumba kizima: nimerudi, nifungulieni, mbwa ameshakufa njiani, Wakili nina baridi. Hawakuitika. Mama wa kweli alipoingia, mbwa alikakamaa mikononi mwake, akanusa hewa mara moja, kisha akageuza kichwa kuelekea stoo na mngurumo ukaanza, mdogo, wa chini, usiokatika.

Sauti ikanyamaza. Mama akapita katikati ya karakana, kati ya cherehani na kochi, akafika kwenye mlango wa stoo. Hapo ikaja nyingine, ya kike, iliyokwaruzwa na ugonjwa, sauti ambayo masikio yake yalikuwa yameililia miaka mingi.

"Dada," ikasema nyuma ya ubao. "Umechelewa, lakini umekuja. Usiingie na huyo. Ingia wewe."

Mkono wa mama ulisimama kwenye komeo. Machozi yalimtoka, yakadondoka juu ya sikio la mbwa lililokunjika. Mbwa hakuacha kunguruma. Kwake yeye, nyuma ya mlango ule hapakuwa na mdogo wa mtu.

Baba alinyanyua uso kutaka kuja kumsaidia. Mama akatikisa kichwa. Akainama, akamweka mbwa chini, na kwa mkono wake mwenyewe akavuta mlango.