Picha ya Arobaini na Moja

Kila siku kabla ya kwenda shule, Kozue Sakoda alikuwa na kazi moja isiyoahirishwa hata mvua inyeshe: kukamata panzi watatu kando ya shamba la mpunga. Panzi hao walikuwa chakula cha buibui wa babu yake. Ilikuwa Juni, na barazani kwa babu, kama kwenye baraza nyingi za mji wao wa Kajiki, buibui walikuwa wakinenepeshwa kwa ajili ya mashindano ya kupiganisha buibui ya Jumapili. Kipenzi cha babu alikuwa Hime, jike mwenye mistari ya manjano na nyeusi. Babu alimwamkia Hime kwanza, wajukuu baadaye.

Kozue naye alimtaka Hime, ila kwa picha. Shuleni waliandaa maonyesho ya picha, na Tetsuhei wa darasa lake alikuwa amemcheka mbele ya wote. "Kwa hicho kikamera? Si utaleta picha ya ukungu tu!"

Kamera ilikuwa ya dijitali, ya zamani, ya mama yake. Kozue aliibandikia kwa utepe kioo cha kukuzia cha bibi, kile kilichovunjika mpini. Kweli, akimsogelea Hime mpaka umbali wa urefu wa kidole, aliona hata vinyweleo vya miguu. Shida ni kwamba akisogea hivyo, pumzi yake ilimfikia Hime, naye Hime alianza kuutikisa utando kwa hasira, mbele na nyuma. Picha arobaini, zote ukungu.

Alhamisi jioni uvumilivu ulimwishia. Alimtia Hime kwenye kikopo, akakiweka ndani ya friji, sehemu ya barafu. "Dakika tano tu, utulie," alimwambia. Mara mama akamwita amenye maharage. Alipokumbuka, saa nzima ilikuwa imepita na Hime amekauka, miguu imejikunja tumboni.

Kozue alilia. Halafu, na hapa ndipo alipoharibu zaidi, alifuta machozi akampiga picha. Picha ya arobaini na moja ilitoka safi ajabu. Akamrudisha Hime barazani, akamlaza chini ya utando wake, akanyamaza.

Asubuhi nyumba nzima iliamshwa na sauti ya babu.

"Fukudome! Toka nje! Umemuua buibui wangu kwa sumu yako!"

Mzee Fukudome, jirani yao, alikuwa amepulizia dawa michungwa yake jana yake jioni. Wazee hawa wawili walikuwa na miaka sita hawasalimiani, tangu babu ashindwe naye katika pambano la buibui ambalo mpaka leo alidai alionewa.

"Buibui wako kafa kwa aibu," Mzee Fukudome alijibu kutoka upande wa pili wa ua. "Alijua Jumapili atakutana na wangu."

"Cheka tu! Leo alasiri kamati ya mashindano inakaa. Utafutwa mashindanoni!"

Hapo Mzee Fukudome hakucheka tena. "Nimefuga buibui miaka hamsini, Sakoda. Nitukane unavyotaka, lakini usiniite muuaji wa buibui."

Kozue alisikia sauti ile ikikatika. Alichukua mkoba, akaondoka bila kukamata panzi.

Shuleni, Mwalimu Arimura aliitazama picha kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. "Hii tutaitundika katikati," alisema. "Tetsuhei, umeona? Hiyo ndiyo subira." Kozue alijisikia vibaya kuliko siku aliyochekwa.

Alasiri alikwenda ukumbini mbio. Wajumbe walikuwa wameketi kwenye mikeka, chai imepoa mbele yao. Babu alikuwa amemaliza kufoka. Mzee Fukudome alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti.

"Kama huna la kujitetea, mzee," alisema mwenyekiti, Mama Ijuin, "tutalifuta jina lako."

"Si yeye!" Kozue alisema mlangoni. "Ni mimi. Nilimweka Hime kwenye friji ili atulie nimpige picha. Nikamsahau."

"Nyamaza!" babu alifoka. "Unamtetea huyu?"

Kozue aliingia mpaka katikati ya ukumbi. Alimpa Mzee Fukudome kamera. Mzee alipitisha picha moja moja. "Hapa yu hai, miguu imenyooka, anatikisa utando. Anakuchukia, na ana haki." Akafika ya mwisho. "Hapa ameshakufa. Buibui akifa, miguu hujikunja hivi. Na saa imeandikwa: saa kumi na moja jioni, Alhamisi. Mimi dawa nilipulizia saa kumi na mbili, mke wangu na jirani wa ng'ambo waliniona."

Babu aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nimekukosea, Fukudome."

"Umenikosea. Na miaka sita iliyopita je?"

Babu hakuinua kichwa. "Ulishinda," alisema. "Buibui wangu alikimbia. Niliona kwa macho yangu."

Jumatatu Kozue alimweleza mwalimu ukweli, na picha haikutundikwa. Tetsuhei alicheka wiki nzima. Lakini kila alfajiri Kozue aliketi barazani kwa Mzee Fukudome, kamera mkononi, amebana pumzi, akimvizia buibui wa mzee.

"Ukimgusa buibui wangu," mzee alimwonya siku ya kwanza, "nitakutia wewe kwenye friji."

Siku ya tano, upepo ulitulia na buibui akakaa kimya, miguu minane imenyooka. Kozue alibonyeza. Pembe moja ilikuwa na ukungu kidogo, lakini picha ilipata nafasi kwenye ukuta wa maonyesho, karibu na mlango.

Babu alikwenda kuitazama na Mzee Fukudome, kila mmoja akijifanya hakuja na mwenzake.

"Mjukuu wangu," babu alisema, "wewe uongo uliubeba siku moja, ukakulemea, ukautua. Mimi wangu nimeubeba miaka sita nikiuita heshima. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Usisubiri uzeeke nao."

"Na panzi," Mzee Fukudome aliongezea. "Kuanzia kesho, sita. Watatu wake, watatu wangu."