Farasi wa Kaka Waliobeba Jina Langu

Nina miaka sitini na mmoja, mkulima wa viazi hapa Yakobi, Njombe. Wengi mnaniita fundi. Leo niacheni nitubu... mimi sijawahi kuchonga hata mwiko!

Fundi alikuwa kaka yangu, Benedikto. Alikuwa Nairobi akitunza farasi wa mashindano, hadi mmoja alipompiga teke akavunjika nyonga. Akarudi na fimbo, akawa anakaa kibarazani kuchonga farasi wale kwa magogo ya miti ya miwati. Mngenielewa mngewaona! Shingo mbele, pua zimetanuka, mpandaji amejikunja mgongoni. Kijijini hakuna aliyewahi kuona farasi, lakini watoto waliwapisha njia kana kwamba wako hai.

Serikali iliporuhusu biashara huria, mji wa Makambako ukajaa malori ya watu binafsi. Kaka hakuiweza safari, nikawa nampelekea mimi farasi wake sokoni huko. Chini ya tumbo la kila farasi kaka alichora jina lake mwenyewe kwa kisu. Siku moja Mzee Salim, tajiri wa malori, akaniuliza nani kachonga. Nikajibu, "Mimi, mzee." Ulimi uliteleza... au niseme ukweli? Nilitaka kusifiwa!

Tangu hapo nikawa nakwangua jina la kaka na kuandika langu. Akaja mwandishi wa gazeti, akanipiga picha nimemkumbatia farasi. Nikajiona mtu kweli!

Haukupita muda, nikampelekea kaka nyama. Mwenye bucha alikuwa ameifunga kwa gazeti lile lile... Kaka akalikunjua, akaitazama picha. Kisha akasema, "Mdogo wangu, sikio la kushoto umelifunika kwa kidole. Lile lilinisumbua siku tatu."

Basi, akalikunja tena gazeti. Heri angenichapa kwa fimbo yake! Hatukumwona tena akishika kisu, nami sikumwomba radhi. Kila siku nilijiambia kesho... Masika yale homa ya mapafu ikamchukua. Nani wa kunisamehe sasa?

Baada ya mazishi tulitoa vitu vyake. Chini ya kitanda tukakuta farasi mmoja, mzuri kuliko wote. Nikamgeuza. Kaka alikuwa amechora, kwa mkono wake mwenyewe, jina langu!

Nilikwenda Makambako nikamweleza Mzee Salim yote.

Ndugu zangu, kama kuna mtu umemnyang'anya sifa yake, mwendee leo angali anakusikia. Msinifuate mimi. Farasi yule ninaye hapa mezani. Natamani kulikwangua jina hilo, lakini nitalikwanguaje? Ndio mwandiko wa mwisho wa kaka yangu.