Rafu ya Chini

Jua lilikuwa linazama fundi friji alipobisha hodi kwa mwalimu mstaafu. Kazi ndogo, alijiambia. Nusu saa tu, kisha nyumbani kwa mkewe na pacha waliozaliwa juzi.

Mlango ulipofunguliwa, harufu ikamvaa. Uvundo mtupu! Akajiziba pua, akaingia.

"Pole, mwanangu," mwalimu alinong'ona. "Ni rafu ya chini. Naomba uizime."

"Rafu haizimwi, mama. Inazimwa friji." Akacheka, akafungua.

Rafu tatu. Kila moja ina kipande cha ini, na vyote vimekatwa pembeni namna ile ile. Cha juu bado kilichuruzika damu. Cha kati kilikuwa kimekauka kingo. Cha chini... lahaula! Funza walikuwa wanachemka juu yake.

"Ni kipande kimoja," alisema mwalimu. "Cha jana, cha leo, cha kesho. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu kwamba jana imekwisha na kesho haijaja. Uongo! Zote zipo sasa hivi, zimepangwa humo. Chini usiguse."

Maskini, bibi wa watu amechanganyikiwa, fundi aliwaza. Akachomoa waya ukutani.

Friji ikaendelea kunguruma.

Sasa, fundi huyu alikuwa na ukaidi wake. Kipimajoto, alizoea kusema, ni cha wavivu. Yeye alipima baridi kwa mkono wa kulia, huo huo uliolisha nyumba nzima. Akakunja shati hadi begani, akauzamisha rafu ya chini hadi kwenye kiwiko.

Huko nyuma kitu kikamshika.

Vidole.

Laini, vya utelezi, nyama ikichubuka kama nyanya ya kuchemsha. Akapapasa pete. Ilikuwa na kibonyeo, kama yake aliyoigonga kwa nyundo. Kidole gumba hakikuwa na ukucha.

Akajing'oa, akatapika palepale sakafuni.

"Ule ni mkono wangu! Kesho ya lini, mama? Mwakani? Uzeeni?"

Mwalimu alikuwa analia. "Kesho, mwanangu. Kesho tu."

Nyumbani alinawa kwa sabuni, kwa jivu, kwa mafuta ya taa. Mkewe akamnyooshea mtoto mmoja.

"Mshike mwanao."

"Nanuka, mke wangu."

"Hunuki chochote, wewe! Hebu tazama, mkono safi kabisa."

Kweli, ulikuwa safi. Fundi alishusha pumzi, akakaribia kucheka. Akampokea mwanawe, akamfunika vizuri.

Ukucha wa kidole gumba cha fundi ukabanduka taratibu, bila maumivu, ukabaki kwenye blanketi.