Chupa Inayotaka Joto

"Mpole, tafuta sanduku la barafu. Treni ya mpakani inaondoka saa saba na kumi. Umenipata?"

"Nimekupata, Mkuu."

Jasusi aliyeitwa Mpole aliirudisha redio yake ya Motorola mfukoni na kuiendesha mbio pikipiki yake ya Yamaha hadi stesheni. Ilikuwa saa saba kasoro robo mchana, jua halina utani. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni, risasi tayari chemba.

Kilichoibwa maabara asubuhi ile ni chupa bapa ya ukubwa wa kiganja. Humo mliishi seli changa za neva, zilizokuzwa kutoka kwenye ngozi ya mtoto mchanga, mjukuu wa Daktari mkuu wa maabara. Seli za mtoto huyo ziligoma kuota matawi, na seli ya neva isiyo na matawi haipokei habari za wenzake. Kwa wiki kumi na moja Daktari alihangaika kuamsha kimeng'enya kinachoipa seli amri ya kuchipua. Chupa thelathini zilifeli, moja ikachipua. Hiyo ndiyo pekee iliyoonyesha njia ya kumponya mtoto; ikipotea, mtoto amepotea.

Na sasa genge la kigeni lilikuwa linaisubiri.

Mkuu aling'ang'ania barafu kwa sababu alisikia neno kimeng'enya, na vimeng'enya huhifadhiwa kwenye baridi. Mpole hakuridhika. Njiani alimpigia Daktari, naye kwa sauti ya kilio akamweleza kuwa kimeng'enya kikiwa peke yake ndicho hukaa barafuni. Seli hai zinataka joto la mwili, tena zisitikiswe.

Kwa hiyo alipofika stesheni Mpole hakutazama masanduku. Alitazama watu.

Jukwaa la pili, kwenye benchi, alikaa kijana aliyevaa jaketi zito la ngozi, zipu hadi kooni. Jasho lilimchuruzika. Alikumbatia tumbo lake kwa mikono yote miwili.

Mpole alimtambua kwa picha ya faili: alikuwa fundi wa maabara, yule aliyezilisha seli hizo kila siku, na ambaye asubuhi aliwaambia polisi kwamba hajui lolote.

"Mkuu, nimempata. Makachero wako wasimguse."

"Mkamate!"

"Akianguka, zimekufa."

Mpole akaketi kando yake taratibu.

"Usinisogelee, kaka," fundi alinong'ona. "Nitaipiga chini."

"Hutaipiga, mdogo wangu. Ungekuwa wa kuipiga chini, usingejipika kwenye hilo jaketi. Mtazame mnunuzi wako."

Mwanamume mwenye miwani ya Ray-Ban alishuka behewani na kisanduku cha buluu. Alikifungua kidogo kukagua. Vipande vya barafu viling'aa.

Fundi alikodoa macho.

"Nilimwambia joto. Nilimwambia mara mbili."

"Amesikia kimeng'enya, akabeba barafu, sawa na bosi wangu. Zitaishi dakika ngapi humo?"

Fundi aliitazama barafu ile. Wiki kumi na moja hakukosa hata Jumapili, na siku matawi ya kwanza yalipoonekana kwenye hadubini ni yeye aliyemkimbilia Daktari kumwita. Akashusha zipu.

"Ishike wima. Usiitikise."

Mpole akaiingiza chupa chini ya shati, ikagusana na ngozi yake. Mwenye Ray-Ban aliona. Mkono wake ukaruka kwenda mfukoni.

Ulichelewa. Glock ilikuwa imeshamtazama kifuani, na Mpole hakuwa amenyanyuka hata kitako.

"Tulia hapo hapo."

Makachero wawili waliovaa kama wapagazi wakamdaka. Barafu ikamwagika sakafuni. Fundi mwenyewe alinyoosha mikono afungwe pingu.

Redio ikakoroma. "Gari liko nje. Kimbia!"

"Sikimbii, Mkuu."

Kengele ya treni ililia. Abiria walimpita mbio kila upande, na yeye akapita katikati yao kwa hatua fupi, kiganja tumboni. Simu ikaita. Alikuwa Daktari, na aliuliza jambo moja tu.

"Zina joto?"

"Zina joto langu, mama. Tunakuja pole pole."