Mwangwi Uliotangulia

Ninayesimulia habari zake ni mpishi wa hospitali, jirani yetu wa ukuta mmoja. Tangu alfajiri yuko mbele ya masufuria. Akirudi mchana amechoka hoi, miguu imevimba, lakini usidhani atalala. Alikuwa anafungua kompyuta na kujifunza kuchanganya muziki. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na mpishi alitaka kumtengenezea wimbo ausikie angali hai.

Siku moja mwalimu wake, waliyemwita Masikio, alimfundisha ujanja mmoja kwenye simu.

"Igeuze sauti yako, mwisho uwe mwanzo. Itie mwangwi. Halafu igeuze tena irudi sawa. Mwangwi utatangulia, sauti itafuata."

"Nijibiwe kabla sijauliza? Makubwa!"

"Wewe jaribu tu, dada."

Akajaribu kwenye neno moja aliloimba: "Mama." Kweli bwana, ukaja mvumo mdogo kutoka mbali, ukakua, ukakua, ndipo neno likatoka. Akatabasamu kichovu, akafunga kompyuta, akajitupa kitandani.

Mara akasikia akiitwa kwa mbali. "Njoo unywe chai." Akajikokota hadi jikoni.

"Umejuaje?" mama yake akashangaa, birika mkononi. "Ndiyo kwanza nafungua mdomo nikuite."

"Si umeniita, mama?"

"Uchovu huo, mwanangu. Kunywa ukalale."

Hajamaliza kikombe, akasikia hodi. Akaenda kufungua mlango. Nilikuwa mimi, na hodi yenyewe nilikuwa bado sijaipiga.

Damu ikamwisha usoni. Hata karibu hakuniambia. Alikuwa anasikiliza ukuta. Nami nikasikia. Sauti ndogo, ya mbali. Sauti yake yeye.

"Mama! Mama jamani! Mama!"

Kilio. Kinakua. Kinasogea.

"Nyamaza," nikanong'ona. Sijui hata nilikuwa namwambia nani.

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Akakimbilia jikoni. Mama yake alikuwa ameanguka chini, mkono kifuani, macho yamegeuka. Mpishi akapiga magoti, akamkumbatia. Machozi yanamtiririka, mdomo kaufunga. Hakutoa hata mguno. Mimi ndiye niliyepiga kelele za kuita watu.

Mama yule alipona, tukashukuru Mungu. Kompyuta ikauzwa. Lakini ingia kwao mchana, nyumba ikitulia, utakisikia kile kilio ukutani. Hakikui, hakipungui. Kinangoja sauti yake ikifuate. Na mpishi wa watu, tangu siku ile, hajatamka neno. Kazini anaelekeza kwa mikono, wenzake wanasema kapandwa na mapepo.

Jana nilikwenda kuwajulia hali. Mama yake alimshika shavu, mwenyewe kachoka, pumzi za kuokoteza.

"Mwanangu, mimi siku zangu zimekwisha. Niite mama, hata mara moja. Nimekukosea nini?"

Mpishi akatikisa kichwa, akamvutia shuka hadi mabegani.