Mkeka Kwenye Skrini Nyeusi

Jumamosi ile duka la Bi Mwanawema, jirani na soko la Chake Chake, lilijaa watu mpaka barazani. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka fomu za vyuo, na kila aliyemaliza skuli alitaka kopi zake zitoke kabla ya adhuhuri. Katikati ya msongamano huo alisimama Hamdan Msellem, mwalimu wa hesabu kutoka Wingwi, shati lake la rangi ya samli limemlowa mgongoni. Alikuwa amekuja kuchapisha mtihani wa wanafunzi wake.

Nyuma ya kaunta alikaa msichana aliyevaa baibui jeusi lenye tarizi ya zambarau mikononi, na ushungi wa rangi ya achari. Huyo ni Yumna Rajab wa Tibirinzi, mtoto wa kaka yake Bi Mwanawema. Kompyuta yake ilikuwa kongwe, haina picha wala vitufe vya kubofya. Ilikuwa na skrini nyeusi tu na herufi. Yumna aliandika amri moja, printa ikaanza kukoroma. Wakati karatasi zinatoka, vidole vyake viliandika amri nyingine, na mara juu ya weusi ule vikatokea visanduku vyekundu, vya manjano na vya zambarau, safu baada ya safu, vikipishana kama miyaa inayosukwa.

"Hiyo nini?" aliuliza Hamdan.

"Kazi yako imeshatoka, mwalimu. Kurasa arubaini."

"Nnaiona. Nnauliza hiyo ya kwenye skrini."

"Mkeka."

"Umeuchora kwa kitu gani?"

"Kwa amri. Naziandika mstari kwa mstari, naziweka kwenye faili. Nikiliita faili, kompyuta inazifuata moja moja mpaka mwisho. Wenyewe wanaita skripti. Kila rangi ina namba yake. Thalathini na moja nyekundu, thalathini na mbili kijani."

"Na ukitaka kurejea rangi ya kawaida?"

Yumna aliinua macho. Mwaka mzima alikuwa akiichezea mikeka yake mbele za watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo.

"Sifuri," alisema.

"Mwalimu," mama mmoja alimgusa bega kwa nyuma, "kama zako umeshachukua, tupishe na sisi."

Hamdan alisogea pembeni, lakini hakuondoka.

Jumamosi iliyofuata alikuja na ukurasa mmoja tu wa kuchapisha. Ya tatu yake hakuja na karatasi yoyote. Alikuja na chupa mbili za juisi ya bungo, baridi mpaka zinatoka jasho.

"Leo unatoa kopi ya nini, mwalimu?" alimuuliza Bi Mwanawema.

"Leo nimekuja kusalimia, Bi."

"Salamu zimefika. Kaa hapo hapo nnapokuona."

Akakaa. Yumna akamsimulia jinsi alivyosomea kompyuta Unguja, akarudi na cheti na kukosa kazi, akaikuta mashine hii imetupwa stoo akaifufua. Bibi yake wa Pujini alikuwa msukaji wa mikeka, na kwake ndiko alikojifunza kuhesabu: juu mbili, chini moja. Sasa alihesabu vivyo hivyo kwa visanduku vya rangi.

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Baba anasema nachezea taa," alijibu Yumna, akacheka, ingawa kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Hamdan alirudi Wingwi akaanza kujifunza kwenye kompyuta za skuli. Akawa anaandika skripti zake fupi na kumtumia Yumna kwa wasapu. Yumna alizinakili mstari kwa mstari, akaziendesha, kisha akapiga simu.

"Hamdan, hiki ulichonitumia nini?"

"Ua la asumini."

"Mie naona pweza."

"Lina petali tano, Yumna."

"Lina mikono minane, nimehesabu. Halafu umesahau sifuri mwishoni. Skrini yangu nzima imekuwa nyekundu, hata nikiandika jina langu linatoka jekundu."

"Basi umejua hali ninayokuwa nayo nikikuona."

Yumna aliubana ushungi mdomoni ili shangazi yake asimsikie. "Weye unasomesha hesabu au maneno?"

"Vyote, habibty, maadamu utanisahihisha."

Miezi ikapita hivyo. Mapenzi yakaingia taratibu, baina ya Jumamosi na Jumamosi, mpaka siku moja Yumna akampa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu: skripti ya mkeka wa rangi kumi na mbili, mistari mia tatu, kazi ya miezi mitano. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake mwenyewe, Yumna Rajab.

"Nakupa uone," alimwambia. "Usiutembeze. Nataka nijitokeze nao mwenyewe, siku yangu ikifika."

"Siutembezi, roho yangu."

Wiki tatu baadaye baba yake, Mzee Rajab, alirudi kutoka sala ya alasiri, simu iko mkononi, uso umechangamka.

"Yumna, njoo uone watu wanavyotumia elimu yao. Mwalimu wa Wingwi huyu. Anasuka mkeka kwa kompyuta."

Yumna aliitazama ile video. Mtangazaji alikuwa amekwenda kupiga picha chumba cha kompyuta cha skuli, na kwenye skrini, nyuma yake, rangi kumi na mbili zilikuwa zikishuka safu kwa safu. "Mwalimu Hamdan," aliuliza mtangazaji, "mkeka huu ni kazi ya mikono yako?" Hamdan alitabasamu. Akatazama chini. Mtangazaji akasubiri kidogo, kisha akasifu na kuendelea na mengine.

"Baba, mkeka huo wangu."

"Wako vipi, na mwenyewe huyo hapo?"

Yumna aliingia chumbani akapiga simu. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Hamdan kuliko kelele.

"Uliulizwa," alisema.

"Yumna, nisikilize. Nilikuwa nautazama peke yangu, wakaingia ghafla. Kamera iko usoni, mkuu wa skuli kasimama kando anafurahi. Nikasema nitamweleza yule bwana baadaye. Akawa ameshaondoka."

"Uliulizwa swali moja, ukanyamaza."

"Nilinyamaza," alisema Hamdan.

"Na baba yangu sasa anakusifu weye kwa kazi yangu. Usinipigie tena."

Aliifungia namba yake jioni ile ile. Hamdan alikuja Jumamosi, akapokelewa mlangoni na Bi Mwanawema.

"Yumo ndani, na hataki kukuona. Mie sikufukuzi, barabara ya watu wote. Lakini humu huingii."

Hamdan alisimama juani kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akashuka kilima kuelekea kituo cha gari. Yumna alimwona kupitia dirishani. Siku hiyo alikosea kuchapisha fomu mara mbili, na asilaumu mashine.

Wiki sita zilipita. Skrini ilikuwa na herufi tu, Yumna hakuwa na hamu ya rangi. Ndipo simu ya duka ikalia.

"Nazungumza na Bi Yumna Rajab? Sisi ni waandaaji wa maonyesho ya vijana pale Gombani. Tunakuomba ufungue maonyesho kwa mkeka wako."

"Nani kakwambieni kama ni wangu?"

"Tulimwita mwalimu mmoja wa Wingwi, akakataa. Ametuandikia barua kwamba kazi si yake, na jina lako na namba ya duka ametupa yeye. Amesema kama hukubali, tusiuonyeshe kabisa."

Yumna alikaa kwenye kiti. "Nitakuja," alisema. Jioni alimwambia baba yake, "Jumamosi twende pamoja Gombani."

"Kuna nini huko?"

"Utakuja uone, baba."

Ukumbi ulijaa. Mbele ilitandazwa shuka kubwa nyeupe ya kuonyeshea skrini, na safu za mwanzo walikaa wasukaji wa mikeka kutoka Pujini na kanga zao mpya. Yumna alipanda jukwaani na baibui la kijivu na ushungi wa kijani kibichi. Watu walitarajia abonyeze kitu kimoja mkeka utokee. Yeye akafungua faili jipya, tupu, akaanza kuandika mkeka mwingine, mfupi, mbele yao, akieleza kila mstari: huu unachagua rangi, huu unarudia safu, huu unaruka mbili na kushuka moja. Kisha akaliita faili. Rangi zikamiminika kwenye shuka kutoka juu hadi chini.

Kutoka safu ya mbele ikatoka sauti ya Bi Kijakazi, msukaji wa siku nyingi. "Mzuri, mwanangu. Lakini ukingo hujaufunga."

Yumna aligeuka akatazama. Kweli, upande wa kushoto safu zilikuwa zimeachwa wazi. Aliongeza mistari miwili, akaendesha tena. Mkeka ukashuka mzima, umefungwa pande zote nne, na Bi Kijakazi akaanza kupiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukumbi ukamfuata.

Makofi yalipotulia, mtu alisimama nyuma kabisa.

"Mimi ndiye yule wa kwenye video," alisema Hamdan. "Niliulizwa kama mkeka ni kazi yangu, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kusifiwa. Haukuwa wangu. Wala sikuwa na ruhusa ya kuuonyesha. Mwenyewe huyo hapo mbele, na mimi ni mwanafunzi wake. Nataka walioiona ile video wajue."

Watu wakageuka kumtazama, kisha wakageuka tena kumtazama Yumna. Mzee Rajab alisimama polepole, akavua kofia, akaivaa tena. "Binti huyo wangu," alimwambia jirani yake, na hakuona inatosha, akamwambia na wa upande wa pili.

Baada ya maonyesho Yumna alimkuta Hamdan nje ya geti.

"Mbona hukunambia kama umewaandikia?"

"Ungedhani nakununua unisamehe."

"Na leo ulikuja kufanya nini?"

"Kusema nilichotakiwa kusema siku ile. Nshasema. Nangoja gari nirudi Wingwi."

"Umeniumiza, Hamdan. Baba kukusifu mbele yangu, lile liliniuma zaidi ya video yenyewe."

"Najua. Sina cha kulipunguza."

Yumna alimtazama: shati limekunjamana, macho hayakwepi. "Gari za Wingwi zipo mpaka magharibi," alisema. "Kaa kwanza tuzungumze."

Mwezi uliofuata Yumna alipewa darasa kwenye kituo cha mafunzo mjini, wasichana ishirini mbele ya skrini nyeusi ishirini. Na Ijumaa moja, baada ya sala, wazee watatu kutoka Wingwi wakapiga hodi Tibirinzi na barua ya posa.

Mzee Rajab aliwaacha sebuleni na kahawa yao, akaja uani ambako Yumna alikaa na mama yake na Bi Mwanawema.

"Umeposwa na mwalimu Hamdan," alisema. "Desturi yetu, msichana akikaa kimya ndiyo karidhia. Basi nakusikiliza."

"Namtaka, baba," alisema Yumna kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni. "Waambie nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Mzee Rajab alijaribu kukunja uso akashindwa. Alipogeuka kurudi kwa wageni, Bi Mwanawema alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele.